Kamusi na Vifungo: Habari ya Lugha ya Waojibwe katika Shule za Bweni za Kanada

Wasomaji wetu wamezoea kukuta katika kurasa hizi habari za ngeli, za methali, za miiko na za majina ya ukoo. Mara hii twaomba ruhusa kuwapeleka mbali, hata Kanada, kando ya maziwa makubwa, ili tusimulie jinsi watoto wa wenyeji wa nchi ile walivyonyang'anywa lugha ya mama zao wakiwa mikononi mwa waalimu na mapadre. Habari yenyewe si ya kupendeza. Walakini yatuhusu, kwa kuwa watu wanaotajwa ndani yake ni watu wa kazi yetu. Walifundisha, walihubiri, waliketi na wazee wakaandika maneno yao katika madaftari. Na mmoja wao, aliyetunga kamusi, ndiye aliyeweka shuleni kwake desturi ya kuinyamazisha lugha ile ile.

Yafaa kwanza tuseme neno juu ya majina. Vitabu vya zamani huwaita wenyeji wa Amerika "Wahindi," kwa kosa la mabaharia waliodhani wamefika Bara Hindi. Msomaji wa pwani aliye na jirani Mhindi wa kweli atachanganyikiwa bure, basi tutawataja kwa majina ya makabila yao. Watu wa habari hii hasa ni Waojibwe, ambao wenyewe hujiita Anishinaabe, wakaao pande za Ziwa Huron na Ziwa Superior, wengine katika Kanada na wengine katika Marekani.

Mwaka 1871 mzee Augustine Shingwauk, mkuu wa Waojibwe wa Garden River, alisafiri hata Toronto kuonana na wakubwa wa kanisa. Shauri lake lilikuwa moja: ijengwe nyumba kubwa ya mafundisho, ambamo watoto wa watu wake wapate kujifunza kusoma, kuandika na kazi za mikono. Alikuwa ameona jinsi nchi inavyojaa wageni, jinsi samaki na wanyama wa kuwinda wanavyopungua, na jinsi karatasi za mikataba zinavyoweza kumdhulumu asiyejua kuzisoma. Wakuu wengine waliona kama yeye. Katika mkataba uliofanywa huko Manitoba mwaka ule ule kati ya serikali na Waojibwe na Wakrii, ahadi ya shule iliandikwa pamoja na ahadi za ardhi na fedha, tena shule yenyewe iwe ndani ya nchi waliyotengewa, wakati wowote watakapoitaka. Twamwomba msomaji alishike neno hili: shule iliombwa. Wazee waliiomba ili watoto wao wapate elimu ya wageni juu ya ile waliyokuwa nayo, wala hakuna aliyeomba mtoto wake arudishwe nyumbani asiweze kusema na bibi yake.

Aliyelishika shauri la mzee Shingwauk ni kasisi wa Kiingereza, Edward Francis Wilson. Alikuwa amefika Kanada mwaka 1868, ametumwa na chama cha CMS, kile kile kilichomtuma Krapf kuja Mombasa mwaka 1844. Kama Krapf alivyofanya hapa, Wilson naye alianza kazi kwa kujifunza lugha. Mwaka 1874 alitoa kitabu cha Kiojibwe kwa ajili ya wamisionari, chenye sarufi, mazungumzo na kamusi. Ni miaka minne tu baada ya Steere kutoa kitabu chake cha Kiswahili mwaka 1870. Na sisi tuliopata faida ya kitabu cha Steere twajua kazi ya namna hiyo ina jasho kiasi gani. Hapana mtu atungaye kamusi ya lugha asiyoipenda hata kidogo.

Wala Wilson hakuwa wa kwanza. Mwaka 1840, katika kituo cha Norway House, kaskazini mwa Ziwa Winnipeg, mmisionari wa Kimethodisti James Evans aliwafundisha Wakrii kusoma kwa alama chache, kila alama ikiwa silabi moja. Chapa alizimimina kwa risasi iliyotolewa katika makasha ya chai, wino akaufanya kwa masizi, na mahali pa karatasi akatumia magome ya miti. (Wazee wa Wakrii wana mapokeo mengine, ya kwamba alama zile walipewa wao wenyewe katika njozi, nasi hatuna haja ya kuwabishia.) Mtu aliweza kujifunza alama zile kwa siku chache, na Wakrii walifundishana wao kwa wao, wakaandika ujumbe kwenye magome porini, pasipo mwalimu wala shule. Basi katika siku zile misheni iliishika lugha ya wenyeji kuwa ndiyo njia, nayo njia ilipitika.

Nyumba ya mzee Shingwauk ilifunguliwa Garden River mwezi wa Septemba, 1873. Baada ya siku sita iliteketea kwa moto. Wilson hakuvunjika moyo. Akajenga tena kule Sault Ste. Marie, akaifungua mwaka 1875, ikaitwa kwa jina la mzee. Na ndani ya nyumba hiyo ndimo tunamokuta vifungo.

Habari hii hakuisema adui wa Wilson. Aliieleza mwenyewe, bila kuficha na bila haya, katika kitabu alichokitoa mwaka 1886. Wavulana walitakiwa waseme Kiingereza mchana kutwa, na Kiojibwe kiliruhusiwa saa moja tu kila jioni. Kila Jumamosi kila mvulana alipewa vifungo vya nguo, hesabu yake maalumu. Mvulana akimsikia mwenzake akisema Kiojibwe wakati usio wake, alimdai kifungo, na mwenzake hana budi kutoa. Jumamosi ya pili vifungo vilibadilishwa kwa njugu. Aliyekuwa na vifungo vingi alikula njugu nyingi. Aliyeteleza ulimi alitazama wenzake wakila.

Twaona ya kuwa Wilson aliuhesabu huo kuwa upole. Hakutaja kiboko wala njaa. Kwake ulikuwa mchezo tu. Lakini tuutazame vizuri mchezo wenyewe. Katika nyumba ile mwalimu ni mmoja na wavulana ni wengi, na masikio yake hayawezi kufika kila pembe ya bweni. Kwa vifungo, kila mtoto alifanywa kuwa sikio la mwalimu. Mtoto wa kijiji kimoja alikuwa na faida katika kosa la mtoto wa kijiji hicho hicho, pengine ndugu yake. Na kosa lenyewe lilikuwa nini? Kumwita mwenzake kwa jina alilopewa na babu yake, au kumwuliza kama anaumwa. Mtoto alijifunza kuogopa kinywa cha mwenziwe kabla hajajifunza kusema Kiingereza sawasawa.

Msomaji wa Afrika ya Mashariki hatastaajabu sana, kwani kifungo hicho kimefika kwetu pia. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya lugha na fikra, amesimulia jinsi katika shule za Kenya, baada ya hali ya hatari kutangazwa mwaka 1952, mtoto aliyesikika akisema Kikuyu alikabidhiwa kifungo, naye akamtafuta wa kumkabidhi, hata jioni ikajulikana orodha ya wenye hatia, wakapigwa au wakavishwa kibao cha aibu shingoni. Wako wasomaji wetu waliowahi kukibeba kibao cha namna hiyo, na wako, tuseme kweli, waliowahi kumvisha mtoto. Wales nako watoto walivishwa kipande cha mti kwa sababu ya Kiwelshi. Hatujui kwamba mmoja alimwiga mwingine. Yaonekana ni hila inayomjia upesi mwalimu aliyechoka.

Hata hivyo mtoto wa Kikuyu aliyekutwa na kifungo, wengi wao, jioni alirudi nyumbani. Huko alimkuta mama yake jikoni na nyanya yake karibu na moto, na lugha iliyofungwa mchana ilifunguliwa usiku. Mtoto wa Kiojibwe hakuwa na jioni hiyo. Hapa ndipo tunapoona kiini cha jambo, nasi twataka kukaa hapo kidogo.

Waojibwe wana hadithi kuu za kabila, ziitwazo aadizookaan, zinazosimulia mwanzo wa ulimwengu, na mambo ya wanyama, na vituko vya Nanabozho, ambaye kwa hila zake angefaa kuwa mjomba wa sungura wetu. Hadithi hizo zina mwiko: husimuliwa wakati wa baridi tu, theluji ikiwa imefunika nchi. Wazee husema kwamba wakati wa joto viumbe wanaotajwa wako macho na husikia. Mwiko huu hautakuwa mgeni kwa watu wetu, waliokatazwa kutega vitendawili mchana. Basi kila mwaka, kazi za mavuno na uvuvi zikiisha, watoto walikaa ndani miezi ya giza na kusikiliza; na katika kusikiliza walipata maneno mazito ya lugha, yale yasiyosemwa sokoni wala mtumbwini.

Shule za bweni zilimchukua mtoto mwanzo wa baridi na kumrudisha, kama zilimrudisha, wakati wa kiangazi. Mahali pengine alikaa miaka bila kurudi. Kwa hiyo hata mtoto aliyekwenda nyumbani kila mwaka alifika wakati ambapo hadithi zimefungwa, na alipoondoka zilikuwa karibu kufunguliwa. Kama mtu angekaa akafikiri ni miezi gani ya kumnyima mtoto ili akose lugha yake, asingechagua vema zaidi. Hatuna sababu ya kudhani kwamba walioipanga kalenda ya shule waliujua mwiko huu na kuukusudia. Waliiga kalenda ya kwao. Lakini aliyetunga kamusi ya Kiojibwe angeweza kuuliza.

Na lugha iliyokatizwa namna hii si nyepesi. Hugawa majina mafungu mawili, ya vitu vyenye uhai na ya vitu visivyo na uhai, na kitenzi hubadilika kwa kulifuata jina, kama vitenzi vyetu vinavyofuata ngeli. Mtu aliyezoea kusema "mtu huyu" na "kiti hiki" ataelewa upesi. Ila mgawanyo wenyewe wafuata fikra za Waojibwe: jiwe lahesabiwa kuwa lenye uhai, na kiko cha kuvutia tumbako kadhalika, na tumbako yenyewe. Hata hadithi, aadizookaan, ni neno la fungu la wenye uhai. Tena wana maneno mawili ya "sisi." Giinawind ni sisi pamoja nawe unayesikiliza, niinawind ni sisi bila wewe. Kiswahili hakina tofauti hiyo, na Kiingereza hakina. Mtoto aliyetolewa nyumbani na umri wa miaka sita au saba alikuwa ndiyo kwanza anayashika mambo haya. Alipotoka na umri wa miaka kumi na sita alibaki na maneno ya mtoto wa miaka sita, akaona haya kuyatumia mbele ya wazee.

Sasa twarudi kwa mambo ya serikali, ambayo tutayapita upesi, maana yameandikwa mahali pengi. Mwaka 1879 serikali ya Kanada ilimtuma Nicholas Flood Davin kutazama shule za wenyeji katika Marekani, naye akashauri zijengwe shule za bweni zitakazosimamiwa na makanisa. Mwaka ule ule, katika Marekani, askari Richard Henry Pratt alifungua shule ya Carlisle katika kambi ya zamani ya jeshi. Miongoni mwa watoto wa kwanza wa Carlisle alikuwamo Mlakota aliyeitwa Ota Kte. Alipewa fimbo aelekeze neno moja katika maandishi ya ubaoni, asiyoweza kuyasoma, na alipoelekeza, jina lake likawa Luther. Yeye ndiye Luther Standing Bear, aliyekuja kuisimulia habari hiyo kitabuni mwaka 1928.

Katika Kanada serikali ilianza kufungua shule zake kubwa za magharibi mwaka 1883, na tangu 1892 makanisa yalilipwa fedha kwa kichwa cha kila mwanafunzi. Mpango wa masomo wa mwaka 1896 uliwaagiza waalimu wajitahidi kwa kila njia kuwafanya watoto waseme Kiingereza. Mwaka 1907 daktari Peter Bryce aliandika jinsi watoto wanavyokufa kwa kifua kikuu katika shule hizo. Ushauri wake haukufuatwa ipasavyo. Mwaka 1920 sheria iliipa serikali nguvu ya kuwalazimisha watoto wa miaka 7 hata 15 kwenda shule. Shule zilizotambuliwa baadaye ni 139, na watoto waliopita ndani yake wapata 150,000. Za mwisho zilifungwa katika miaka ya 1990. Waliofia humo wamehesabiwa kwa maelfu, na wengi wao makaburi yao hayana jina. Katika mahali pengi njugu na vifungo vilikuwa vimesahauliwa zamani. Palitumika mkanda, na sabuni kinywani.

Mtu aweza kusema kwamba misheni haikuwa na la kufanya, kwa kuwa amri ni ya serikali. Twalikataa neno hili, kwa ushahidi wa wamisionari wenyewe. Mwaka 1887, mkuu wa mambo ya wenyeji katika Marekani, J. D. C. Atkins, alipopiga marufuku kufundisha kwa lugha za wenyeji hata katika shule za misheni, wamisionari wa Wadakota walipinga waziwazi. Walikuwa na shule yao Santee, katika Nebraska, na gazeti lao la Kidakota, na kamusi iliyochapwa tangu 1852, nao walisema kwamba mtoto afundishwaye kwanza kwa lugha yake hushika na Kiingereza upesi zaidi. Hawakushinda kwa yote, lakini sauti yao ilisikika, hata amri ikalegezwa kidogo. Kwa hiyo iliwezekana kusema. Katika Kanada pia walikuwako mapadre waliofundisha katekisimu kwa Kikrii ndani ya shule zao. Ila kadiri miaka ilivyopita walipungua, na waalimu wapya walifika wasijue hata neno moja la watoto waliokabidhiwa.

Na Wilson je? Hapa historia yatupa jambo tusilolitazamia. Mwaka 1888 alifanya safari ndefu katika Marekani, akaona makabila mengi. Mwaka 1891 yalitoka, katika gazeti alilokuwa akilihariri, makala yasiyo na jina la mwandishi, yametiwa sahihi ya maneno mawili tu, "Fair Play," yaani haki sawa. Makala hayo yaliuliza kwa nini mwenyeji asiachwe awe na jamii yake na serikali yake, na kwa nini alazimishwe kuyaacha yaliyo yake ili awe nakala ya mzungu. Wanahistoria waliochunguza maisha yake wanaona ya kuwa mwandishi ni Wilson mwenyewe. Mwaka 1893 aliacha kazi ya Shingwauk, akahamia kisiwa cha Salt Spring, upande wa bahari ya magharibi. Twamhurumia, na twamlaumu pia: alipopata wazo lililo bora kupita yote aliyoyapata, alilitoa bila jina, akaondoka, na shule ikaendelea kwa desturi aliyoiweka.

Watu wengi hudhani kwamba lugha ilikufa darasani. Sivyo. Watoto wengi walitoka shuleni wakiweza bado kuisema, kwa kigugumizi na kwa hofu. Ilikatika miaka kumi au ishirini baadaye, walipokuwa wazazi. Wakati huo hapakuwa na mwalimu nyumbani wala mtu wa kudai kifungo. Lakini mama aliyepigwa kwa ajili ya lugha ile alimtazama mtoto wake mchanga, akaona heri amwambie kwa Kiingereza, asije akapigwa kama yeye. Alifanya hivyo kwa upendo. Hili ndilo jambo walilolisema tena na tena wanafunzi wa zamani mbele ya tume ya ukweli na upatanisho iliyofanya kazi katika Kanada tangu 2008 hata 2015. Nyumba nyingi zilipata kuwa na babu asemaye Kiojibwe, mjukuu asemaye Kiingereza, na katikati yao mzazi aliyezijua zote mbili na kunyamaza katika moja.

Makanisa yameungama. Kanisa la Muungano la Kanada lilianza mwaka 1986. Askofu Mkuu Michael Peers aliungama kwa ajili ya Waanglikana mwaka 1993, mbele ya wanafunzi wa zamani. Papa Fransisko alikwenda Maskwacis mwaka 2022. Serikali iliomba radhi bungeni mwaka 2008, na mwaka 2019 ilipitisha sheria ya lugha za wenyeji. Lakini radhi haimfundishi mtoto hata kitenzi kimoja. Kazi hiyo imewaangukia wazee wachache na vijana wenye bidii, na katika mikono yao vitabu vya wamisionari, pamoja na kamusi za namna ya ile ya 1874, vimerudi kutumika.

Miongoni mwa waliofanya kazi hiyo twamtaja Basil Johnston, Mojibwe aliyezaliwa mwaka 1929 na kupelekwa, akiwa na umri wa miaka kumi, katika shule ya Wajesuti iliyokuwa katika mji uitwao Spanish. Alitoka humo akiwa bado na lugha yake, akafundisha, akaandika habari za shule ile katika kitabu cha mwaka 1988, akakusanya hadithi za wazee na maneno yao, hata alipofariki mwaka 2015.

Shule ya Shingwauk ilifungwa mwaka 1970. Mahali pake sasa ni chuo kikuu cha Algoma. Wanafunzi wa zamani walikusanyika hapo mwaka 1981, wakaanza kutunza picha na karatasi za shule, na majina ya wenzao. Kanisa dogo la mawe lililojengwa siku za Wilson lingalipo, na makaburi yapo. Na katika uwanja huo, katika chuo hicho, Kiojibwe hufundishwa kuwa somo la shahada. Wanafunzi wengine ni wajukuu wa wale waliokuwa wakidaiana vifungo, na huanza, kama waanzavyo wote, kwa kujifunza lini watasema giinawind na lini niinawind.